Herufi C, H na K: vichwa vya fonografu za Edison

Sisi waandishi wa programu hudhani shida ya toleo jipya kutopatana na la zamani ilianza na tarakilishi. Wapi! Mwaka 1908 kampuni ya Thomas Edison, kule New Jersey, Marekani, iliwaletea wateja wake shida hiyo hiyo. Na hadi leo, anayetafuta kipuri cha fonografu ya Edison bila kuijua historia hii ataharibu rekodi.

Mashine hizi zilicheza silinda, si sahani. Tangu 1902 silinda za nta za Edison zilizunguka mara 160 kwa dakika, zikiwa na mifereji 100 kwa kila inchi. Zilicheza dakika 2 tu. Kichwa cha kuzisoma, chenye kiwambo na sindano ya yakuti samawi, kilipewa herufi C.

Mwaka 1908 ikaja silinda ya Amberol: ukubwa ule ule, kasi ile ile, lakini mifereji 200 kwa inchi, dakika 4. Mifereji ilipokuwa myembamba hivyo, kikahitajika kichwa H chenye ncha ndogo zaidi. Tena kichwa kilitakiwa kusogea nusu ya mwendo wa awali, kwa hiyo wenye mashine za zamani wakauziwa gia za kuongezea. (Naam, kusasisha kwa kulipia, enzi hizo!) Baadaye kikatoka K chenye sindano zote mbili; unageuza tu. Kwangu mimi hicho ndicho kazi safi kuliko vyote.

Balaa lilikuja 1912 na Blue Amberol, silinda ya seluloidi ngumu iliyosomwa kwa almasi. Kichwa chake ni kizito. Ukikiweka juu ya nta, kinachimba na sauti imekwenda. Fonografu nyingi za Edison ziliweza pia kurekodi nyumbani, kwa hiyo silinda unayoichezea inaweza kuwa nakala pekee ya sauti ya mtu aliyekufa zamani.

Sasa, utatambuaje kipuri? Tafuta herufi iliyochongwa kwenye kichwa chenyewe, lakini usiiamini peke yake. Sindano hubadilishwa, na katika miaka mia moja mtu anaweza kuwa ameweka ncha ya H kwenye mwili wa C. Chukua lenzi uitazame. Ya C ni nene, mviringo kama kitasa cha mlango. Yakuti iliyomeguka hukata nta kama kisu, kwa hiyo iondoe hata kama herufi ni sahihi. Kisha kagua gia: mashine ya dakika 2 pekee itaivuta H haraka mno na sindano itaruka mifereji.

Kampuni ya Edison iliacha biashara ya fonografu mwaka 1929. Vinavyouzwa leo vimetolewa kwenye mashine zilizokufa, au ni vya kuiga. Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji ncha hiyo ni ya dakika ngapi.