Nyayo Zisizoachana na Sakafu: Kutoka Mwomboko hadi Mugithi

Vijana wa Melbourne, Australia, wanasifiwa kwa kuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ile dansi ya kuburuta na kutelezesha nyayo katika kilabu. Wazee wa Nyeri, Kenya, wana haki ya kucheka. Huku, nyayo zilikuwa zikiburutwa tangu enzi za mkoloni, tena kwa koti na kofia.

Ngoma yenyewe ni mwomboko. Ilishika kasi miaka ya 1940, vijana wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliporudi kutoka vita vya pili vya dunia wakiwa wameona wazungu wakicheza dansi wawili wawili. Wengine hawakuhitaji kwenda mbali: walikuwa wapishi na wahudumu wa walowezi, na mjini Nyeri hoteli ya Outspan ilikuwepo tangu 1928. Walichokiona wakakifinyanga upya. Piano na fidla hawakuzitaka. Walichukua kodiani na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Mwanamume na mwanamke hushikana, wakapiga hatua mbili, wakainama kidogo, wakageuka. Ni hayo tu, na ndiyo maana hata aliyeshinda shambani akilima anaweza kucheza hadi usiku.

Serikali haikuzipenda ngoma za vijana. Tayari Januari 1930 ilikuwa imepiga marufuku wimbo wa muthirigu, ulioimbwa kuwakejeli wamisionari na machifu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kukabili uasi wa Mau Mau, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku, na kuanzia 1954 watu wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Nani angecheza? Baada ya uhuru mwomboko ulirudi, lakini ukiwa na mvi. Leo utaukuta zaidi kwenye sikukuu za taifa na katika mashindano ya muziki ya shule.

Vijana walipata mugithi, yaani treni kwa Kikuyu. Karatina na Nanyuki ni miji ya reli, hivyo jina halikutoka mbali. Tangu miaka ya 1990 mtu mmoja na gitaa lake, mdundo ukitoka kwenye mashine, ameweza kujaza baa nzima. Mike Rua ni mmoja wa walioupa mugithi jina. Siku hizi ni Samidoh, aliyevuma akiwa afisa wa polisi. Mpigaji huunganisha nyimbo za Joseph Kamaru, tenzi za kanisani na kantri ya Marekani bila kupumua. Wachezaji hushikana mabega au viuno, wakazunguka meza kwa mstari mmoja, miguu ikisukumana mbele taratibu.

Wataalamu wa muziki watasema gitaa hili ni mtoto wa muziki wa benga, na ni kweli. Lakini tazama miguu. Hairuki. Mwili unayumba juu, nyayo haziachani na sakafu, vile vile kama kwenye mwomboko. Na baa iliyojaa hivyo haina nafasi ya mtu kuruka. Karani, dereva wa matatu na mwenye duka la mbolea huwa behewa moja, na asiyejua hatua huvutwa na aliye mbele yake.

Baada ya saa sita usiku mistari ya nyimbo hubadilika. Tenzi zilezile huvishwa maneno ya watu wazima, na aliyekuja na mama mkwe hujua hiyo ndiyo saa ya kumwitia teksi.