Kutoka Jino la Pembe hadi Skrubu ya Titaniamu: Nafasi ya Subira katika Historia ya Upandikizaji wa Meno

Utangulizi

Wahenga walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kisitiari, kwa maana kwamba kilichopotea hakirejeshwi na kilichobuniwa kukaa mahali pake. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi, inaeleza sehemu kubwa ya historia ya tiba ya meno: pembe ilitumika kweli, na pengo halikupona. Makala haya yanajadili jinsi tiba hiyo ilivyofikia vipandikizi vya leo, yaani mizizi ya bandia inayozamishwa katika mfupa wa taya ili kubeba jino juu yake. Maelezo yaliyozoeleka huichukulia historia hii kuwa safari ya kutafuta madini bora. Hoja ya makala haya ni kwamba madini peke yake hayakutosha. Kilichobadili matokeo ni namna wataalamu walivyoanza kuutazama mfupa, na utayari wao wa kuusubiri.

Jino kama bidhaa

Katika karne ya 18, matajiri wa Ulaya na Marekani walivaa meno ya bandia yaliyochongwa kutokana na pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino 1 tu la asili. Miaka 5 kabla ya hapo, mwezi Mei 1784, katika daftari la hesabu za shamba lake la Mount Vernon yaliandikwa malipo kwa watu weusi kwa ajili ya meno 9. Mjini London nako maskini walilipwa ili meno yao yang'olewe na kupachikwa papo hapo katika vinywa vya wenye fedha, utaratibu ambao daktari mpasuaji John Hunter aliuunga mkono katika maandishi yake. Kwa kawaida meno hayo hayakudumu, na aliyeyatoa alibaki na pengo lisilozibwa na yeyote.

Chini ya matukio haya kulikuwa na dhana moja: taya ni tundu, na jino ni kigingi. Dhana hiyo iliendelea hata madini yalipochukua nafasi ya pembe. Mwaka 1809 Maggiolo alieleza namna ya kupachika mzizi wa dhahabu mahali palipong'olewa jino. Majaribio mengi yalifuata katika karne ya 20, yakiwamo ya ndugu wawili wa ukoo wa Strock mjini Boston, waliotumia skrubu za aloi ya kobalti mwishoni mwa miaka ya 1930. Baadhi ya vipandikizi vya kipindi hicho vilidumu, lakini vingi vililegea. Mara nyingi mwili ulivizungushia tishu laini yenye nyuzinyuzi, mithili ya kovu, na wapo wataalamu walioamini kwamba hali hiyo haiepukiki, au hata inafaa.

Mfupa uliokataa kuachia

Mabadiliko yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa akitafuta jino. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika uboho wa mfupa ulio hai. Aliweka vifaa vidogo vya titaniamu katika miguu ya sungura ili aweze kutazama ndani kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kuvitoa, lakini havikutoka: mfupa ulikuwa umekua ukashikamana navyo.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama bahati. Simulizi hiyo huacha jambo la msingi. Brånemark hakukimbilia kinywa cha binadamu. Alihamia Gothenburg mwaka 1960, akaendelea na majaribio kwa wanyama, na miaka 13 ilipita kabla ya mgonjwa wa kwanza. Huyo alikuwa Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na kaakaa, ambaye mwaka 1965 aliwekewa vipandikizi 4 katika taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006, akiwa amevitumia kwa takribani miaka 40.

Subira na hesabu

Utaratibu wa Gothenburg ulijengwa juu ya kuuheshimu mfupa kama kiumbe hai. Mfupa ulitobolewa polepole huku ukipoozwa kwa maji, kwa sababu joto huua seli zake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuudhuru. Kisha kipandikizi kilifunikwa kwa ufizi na kuachwa bila kubeba uzito wowote, kwa takribani miezi 3 katika taya la chini na miezi 6 katika taya la juu. Ni baada ya hapo tu ambapo jino lilifungwa juu yake.

Subira hiyo iliambatana na hesabu. Ripoti ya miaka 10 ilitolewa mwaka 1977, na ripoti ya miaka 15 ilifuata mwaka 1981, ikihusu vipandikizi 2,768 kwa wagonjwa 371. Baada ya miaka 5 hadi 9, asilimia 81 ya vipandikizi vya taya la juu na asilimia 91 vya taya la chini vilikuwa vingali imara. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba walioshindwa nao walihesabiwa. Hesabu hizo ndizo zilizowashawishi wataalamu wa Amerika ya Kaskazini katika mkutano wa Toronto mwaka 1982.

Ipo hoja kinzani. Mwaka 1931 lilichimbuliwa nchini Honduras taya la kale, la takribani mwaka 600 BK, lenye vipande vya kombe vilivyochongwa mfano wa meno. Picha za eksirei zilizochunguzwa mwaka 1970 zilionyesha mfupa ukiwa umekua kuzunguka baadhi yake. Kwa hiyo waandishi wengi huanzia hapo. Hata hivyo, hakuna mnyororo wa ujuzi unaotoka kwa fundi huyo hadi Gothenburg. Taya hilo linathibitisha uwezo wa mfupa. Haliwezi kuthibitisha ukoo wa tiba.

Hitimisho

Leo wapo wagonjwa wanaofungiwa jino siku ileile ya upandikizaji, na kwa waliochaguliwa kwa uangalifu jambo hilo linawezekana. Lakini uwezekano huo ni tunda la miaka ya kusubiri na kuhesabu. Anayeuza kasi bila kueleza hali ya mfupa, madhara ya sigara na haja ya usafi wa kudumu anarudi kwenye dhana ya tundu na kigingi, na atakayelipa gharama ni mgonjwa. Kwa maana hiyo methali haijapitwa na wakati. Jino la kubuniwa, liwe la pembe au la titaniamu, si dawa ya pengo. Linaloponya ni mfupa uliopewa muda wa kulipokea.