Mangina: Swali la umeme na simenti limehamia Kinshasa

Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinawaruhusu wabunge kuuliza serikali maswali, kwa mdomo ao kwa maandishi. Sheria ya 17 Juni 2014 ikaondoa ukiritimba wa SNEL katika umeme; lakini Mutwanga, mashariki mwa Beni, taa za Virunga zilikuwa zimewaka tangu 2013. Taa zilitangulia sheria!

Simenti ya Uganda inapitia Kasindi, kisha Beni, ndipo ifike Mangina. Barabara ikifungwa, ujenzi unasimama. Zamani wabunge wa jimbo wangemuuliza liwali. Tangu 6 Mei 2021 liwali ni mwanajeshi, na bunge la jimbo limesimamishwa. Mkaaji wa Mangina amebaki na mbunge wa taifa tu, mbali Kinshasa.