Muuguzi anapouliza "Umeelewa?"
Wasikilizaji wetu wa Chamwino, Kondoa na Chemba, swali hilo wengi hulijibu "ndiyo", hata bibi anayesikia Kigogo au Kisandawe kuliko Kiswahili. Hapo ndipo dawa hukosewa.

Chukua dawa mseto ya malaria, ALu: dozi 6 kwa siku 3. Ya pili hunywewa "baada ya saa 8". Bibi akasikia saa nane mchana! Maana yake ni hii: aliyeanza saa mbili asubuhi hunywa tena saa kumi jioni, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula, hata homa ikishuka.

Muuguzi makini husema: "Bibi, hebu nieleze, mjukuu utampaje dawa hizi?" Asipouliza, mwambie: "Nesi, ngoja nirudie ulivyosema."