Mwaka Usio na Mfalme: Orodha kama Utanzu katika Maandishi ya Kihistoria ya Waanglo-Saksoni

Katika matini ya kihistoria, orodha ya wafalme ni sehemu ambayo mhakiki wa fasihi huipita upesi. Haina msuko wala taswira, naye huiachia wanahistoria kama mali yao. Makala haya yanashikilia kwamba kufanya hivyo ni hasara. Katika maandishi ya Waanglo-Saksoni, walioimiliki sehemu kubwa ya Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, orodha ni utanzu wenye kanuni zake, na dhana ya mfalme mkuu imejengwa kwa kuhesabu: nani atiwe, nani aachwe.

Chimbuko ni Bede, mtawa wa Jarrow katika Northumbria, aliyekamilisha historia yake ya kanisa mwaka 731 kwa Kilatini na kuitabaruku kwa Mfalme Ceolwulf. Anapofikia kifo cha Æthelberht wa Kent mwaka 616, mfalme wa kwanza wa Waanglo-Saksoni kuupokea Ukristo, Bede anasitisha masimulizi na kutaja wafalme saba waliokuwa na mamlaka juu ya wenzao: Ælle wa Wasaksoni wa Kusini, Ceawlin wa Wasaksoni wa Magharibi, Æthelberht mwenyewe, Rædwald wa Waangli wa Mashariki, kisha Edwin, Oswald na Oswiu wa Northumbria. Orodha imepachikwa ndani ya tanzia. Inaanza na wapagani na kuishia kwa Wakristo watatu wa nchi ya mwandishi, na kadiri inavyosonga mbele ndivyo mipaka ya mamlaka inavyopanuka. Penda, mfalme mpagani wa Mercia aliyeshiriki kumwangusha Edwin mwaka 633 na kumuua Oswald mwaka 642, hamo. Na hali Bede huyo huyo anatueleza kwamba mwaka 655 Penda aliingia vitani na vikosi 30.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika kitabu cha tatu. Baada ya kifo cha Edwin, Northumbria iligawanyika: Osric akatwaa Deira, Eanfrith akatwaa Bernicia. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, na wote wawili, walipokwisha kutawala, waliiacha imani. Cadwallon, mfalme wa Wabritoni, aliwaua kabla mambo hayajawakalia sawa. Bede anasema kwamba wale waliokuwa wakihesabu nyakati za wafalme walikubaliana kuifuta kumbukumbu ya waasi hao na kuuandika mwaka huo kwa jina la mrithi wao, Oswald. Ndiyo maana Oswald anahesabiwa miaka 9 ya utawala, ukiwamo mwaka ambao hakuwa mfalme.

Hapa inafaa tutue kidogo. Kwanza, tunajifunza kwamba palikuwa na watu waliofanya kazi ya kuhesabu tawala, na kwamba waliweza kuafikiana kuhusu jambo walilojua fika kuwa si kweli kwa kalenda. Mtunza kumbukumbu yeyote wa serikali angeielewa kazi yao. Pili, na hili ndilo linalomhusu mhakiki, Bede anatutajia majina yale yale anayosema yamefutwa. Angalitaka yapotee, angalinyamaza. Badala yake anauonyesha mkono unaofuta, na hivyo kuugeuza ufutaji wenyewe kuwa adhabu inayosomwa hadharani. Kwa maoni yetu, huu si usahaulifu wala unafiki, bali ni mbinu ya usimulizi: mfalme mwasi anahitajika katika hadithi kama onyo, lakini hatakiwi katika hesabu, kwa kuwa kuhesabiwa ni heshima.

Tukiwa na ufahamu huo, tuigeukie Tarehe ya Waanglo-Saksoni, iliyokusanywa kwa Kiingereza cha kale huko Wessex katika zama za Mfalme Alfred (871–899). Chini ya mwaka 827, ambao kwa hesabu sahihi ni 829, tunasoma kwamba Egbert wa Wessex aliishinda Mercia na kwamba alikuwa mfalme wa nane kuwa bretwalda. Wanaotajwa kabla yake ni wale saba wa Bede, kwa mpangilio ule ule. Oswiu alifariki mwaka 670. Basi kati ya wa saba na wa nane pana pengo la takriban miaka 160, na pengo hilo ndilo lililokuwa enzi ya Mercia. Æthelbald alitawala huko tangu 716 hadi 757, Offa tangu 757 hadi 796. Bede mwenyewe, karibu na mwisho wa kitabu chake, anakiri kwamba majimbo yote ya kusini mwa mto Humber yalikuwa chini ya Æthelbald. Na katika hati ya ardhi ya mwaka 736, Æthelbald anaitwa mfalme wa Britania. Mwandishi wa Wessex hakuwa na haja naye. Egbert alikuwa babu yake Alfred.

Wanahistoria wengi, akiwamo Frank Stenton katika kitabu chake cha 1943, waliliona neno bretwalda kuwa cheo halisi, hatua mojawapo katika safari ya kuelekea taifa moja. Patrick Wormald alilitilia shaka jambo hilo mwaka 1983, nasi tunaona kwamba alikuwa na haki. Neno lenyewe halitulii: nakala moja inaandika bretwalda, nyingine zina maumbo yanayokaribiana na brytenwalda, na sehemu yake ya kwanza yaweza kumaanisha Britania au upana tu. Kulifanya neno la namna hiyo kuwa katiba ni kuisoma sifa kana kwamba ni sheria. Na matini yenyewe haikuficha udhaifu wa dai lake: katika ingizo linalofuata, sentensi fupi isiyo na maelezo yoyote inasema kwamba Wiglaf aliupata tena ufalme wa Mercia.