Pingu za DNA na watoto wa Fanconi

Mwaka 1927, Guido Fanconi, daktari wa watoto mjini Zurich, Uswisi, aliandika habari za ndugu watatu, wavulana wa baba na mama mmoja, walioishiwa damu wangali wadogo. Uboho wao ulikuwa umeshindwa kuzalisha damu, na walizaliwa na kasoro za mwili. Walichopungukiwa ndani ya seli hakikujulikana kwa karibu nusu karne. Jibu lilianzia mahali ambapo daktari wa watoto asingepatazama kamwe, kwenye silaha za vita.

Wajerumani walirusha gesi ya haradali kwa mara ya kwanza huko Ypres, Ubelgiji, Julai 1917. Waliopimwa baadaye walikutwa chembe zao nyeupe za damu zimepungua mno. Mwaka 1942 Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakichunguza kwa siri kemikali za ukoo huo, wakawaza: kinachoua chembe nyeupe huenda kikaua na saratani ya chembe hizo. Uvimbe wa mgonjwa wao wa kwanza ulinywea upesi. Ulirudi, naye akafariki, lakini tiba ya saratani kwa kemikali ilikuwa imezaliwa. Kwa sababu ya vita, matokeo hayakuchapishwa hadi 1946.

Mapema miaka ya 1960 Peter Brookes na Philip Lawley, mjini London, walieleza namna sumu hiyo inavyofanya kazi. Molekuli yake ina ncha mbili: moja hushika uzi mmoja wa DNA, nyingine hushika uzi wa pili. Ni pingu hasa. Seli haiwezi kugawanyika bila kwanza kuzitenganisha nyuzi hizo na kuzinakili. Zikifungwa pamoja, kazi hukwama, na seli isipopata njia hufa.

Walioziunganisha habari hizi mbili ni Wajapani, Sasaki na Tonomura, mwaka 1973. Waliotesha seli za damu za wagonjwa wa Fanconi maabara, wakaziwekea mitomaisini C, dawa inayofunga pingu za namna hiyo. Chini ya hadubini kromosomu zilionekana zimekatika, na vipande vya hii vimeungana ovyo na vya ile. Seli za watu wenye afya zilistahimili vizuri zaidi. Naona hapa ndipo fumbo lilipofumbuka: wengi wetu tumezaliwa na zana za kufungua pingu, watoto hawa hawanazo. Kipimo cha aina hiyo kinatumika hadi leo kuthibitisha ugonjwa.

Ujuzi huo uliokoa maisha. Kabla ya kupandikiziwa uboho, mgonjwa huweza kupewa saiklofosfamaidi, dawa ya ukoo uleule wa haradali, na dozi ya kawaida humuumiza vibaya mtoto wa Fanconi. Eliane Gluckman wa Paris aliipunguza sana. Mwaka 1988 akampandikizia mvulana mwenye ugonjwa huo damu ya kitovu cha mdogo wake wa kike, upandikizaji wa kwanza wa aina hiyo duniani.

Jeni ya kwanza ya zana hizo ilinaswa mwaka 1992. Leo zinajulikana zaidi ya 20. Kundi moja la protini huitia alama protini iitwayo FANCD2, ndipo vimeng'enya huja kukata uzi mmoja kandokando ya pingu, na pengo likajazwa. Uzi uliokatika huungwa kwa kufuata nakala nzima iliyo jirani. Kazi hiyo ya mwisho inahitaji BRCA2, jeni ambayo ikiharibika huongeza sana hatari ya saratani ya matiti.

Lakini gesi ya haradali ni kitu cha juzi. Zana hizi zilikuwa za nini? Ketan Patel, mwanasayansi Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alilishughulikia swali hilo akiwa Cambridge. Mwaka 2011 kundi lake lilionyesha kwamba panya wasio na FANCD2 wala kimeng'enya ALDH2 huumizwa vibaya na asetaldehaidi, kemikali inayotokea mwili unapovunja pombe. Aldehaidi nyingine mwili huzitengeneza wenyewe, hata kwa asiyekunywa. ALDH2 huondoa asetaldehaidi. Madhara ya inayoponyoka huachiwa zana za Fanconi. Wajapani wengi hurithi ALDH2 dhaifu, na mwaka 2013 watafiti wa huko walionyesha kwamba mtoto wa Fanconi aliyerithi pia udhaifu huo, uboho wake hushindwa mapema zaidi.