Meza ya mfalme: ubao wa vipande ulikotoka, na kwa nini kingo ndizo zenye amri

Hebu fanya hesabu hii. Una vipande tisa vya mraba, kila kimoja kina mandhari yake: hiki kina kilima, kile kina msitu, kingine njia panda. Ukivipanga mezani tatu kwa tatu, utapata nchi ngapi tofauti? Vipande tisa vinapangika kwa njia 362,880. Kila kimoja unaweza kukigeuza pande nne, kwa hiyo zidisha kwa 4 mara tisa mfululizo, yaani kwa 262,144. Halafu gawa kwa 4, maana kuizungusha meza nzima hakubadilishi nchi. Jibu ni 23,781,703,680. Karibu bilioni 24, na vyote vinaingia kwenye boksi moja!

Ndiyo maana wapenzi wa michezo ya kifantasia ya mezani, ile ya sanamu ndogo za mashujaa, majitu na mazimwi, hupenda kujitengenezea ubao wa vipande nyumbani. Lakini hesabu yetu ina sharti lililojificha: kila ukingo ukubaliane na kila ukingo mwingine. Mto usifike mwisho wa kipande ukagonga mwamba, na barabara isiishie hewani. Historia ya ubao huu ni historia ya watu kuhangaika na sharti hilo, na ilianza kabla zimwi lolote halijawekwa mezani. Ilianza Ujerumani, na iliiva katika ufalme wa Prusia.

Mwaka 1780, huko Brunswick, Johann Christian Ludwig Hellwig aliichukua sataranji akaipanua kuwa mchezo wa vita. Badala ya miraba 64 aliweka 1,617, na rangi ya mraba ikaeleza ardhi: nyekundu mlima, kijani kinamasi, buluu maji. Wazo zuri, ila ardhi yenyewe ilibaki ya mraba-mraba. Mto wa Hellwig unapinda kama ngazi.

Aliyevunja miraba ni Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prusia huko Breslau, mji unaoitwa Wrocław siku hizi. Yeye alitandaza mchanga wenye unyevu juu ya meza, akafinyanga vilima na mabonde, kisha akasogeza vikosi kwa kupima umbali. Sifa za mchezo wake zikawafikia wana wa mfalme, na mfalme Friedrich Wilhelm III naye akataka kuuona. Kumbuka huyu ni mfalme ambaye Napoleon alikuwa amelivunja jeshi lake mwaka 1806. Kwake habari ya kufundisha maofisa haikuwa mchezo.

Reisswitz aliona aibu kumpelekea mfalme meza ya mchanga. Na ukiacha aibu, kuna fizikia. Meza ya futi sita kwa sita, yenye mchanga mbichi wa kina cha sentimita 5, inabeba takriban mita za ujazo 0.17. Mchanga wa namna hiyo una uzito wa kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unazungumzia kilo 300 hivi. Isitoshe, ukitaka nchi nyingine unabomoa uliyo nayo.

Alichopeleka mwaka 1812 kilikuwa kitu kingine kabisa: kabati la mbao lenye droo, ambalo juu yake ni meza, pamoja na vipande vya mraba vya inchi tatu hadi nne, vilivyofinyangwa na kupakwa rangi vikionyesha mito, barabara, vijiji na misitu. Kwa meza ya futi sita, hivyo ni zaidi ya vipande 300. Unavipanga, unapigana, unavichanganya, unapanga nchi mpya. Mfalme alifurahi sana, na familia yake ikaucheza kule Potsdam. Meza hiyo ipo hadi leo, katika kasri la Charlottenburg mjini Berlin.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mtoto wa Reisswitz, Luteni Georg Heinrich Rudolf, ofisa wa mizinga, aliuchukua mchezo wa baba yake na kuutupilia mbali ubao wenyewe. Katika kanuni alizochapisha mwaka 1824 alitumia ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:8000. Baba alikuwa na nchi nyingi, lakini zote za kubuni. Mwana alikuwa na nchi moja, lakini ya kweli. Vipande vinavyokutana mahali popote vinalazimika kufanana pale vinapokutana, na ardhi halisi haina adabu hiyo. Kilima halisi hakiishi katikati ya kipande chake. Kinateremka kinapotaka. Ofisa aliyejifunza kwenye vipande angezoea dunia inayotulia kila baada ya inchi nne, halafu angekwenda kufia kwenye dunia isiyotulia.

Karatasi ilikuwa pia rahisi. Kabati la mfalme lilikuwa moja. Ramani, dadu na kitabu cha kanuni vinaweza kufika kila kikosi. Jenerali Karl von Müffling, mkuu wa makao ya jeshi, alipoonyeshwa mchezo huo alivutiwa mno, akaupendekeza kwa jeshi zima. Mimi nasema mwana alikuwa sahihi kwa shida aliyokuwa nayo. Ila shida ya mchezaji wa leo ni nyingine. Nchi ya mazimwi haina ramani ya kweli ya kuisaliti.

Mwana aliacha kitu kingine: mwamuzi, anayejua kila kitu na kuwaambia wachezaji kile tu ambacho askari wao wangekiona. Mwamuzi huyo alivuka bahari. Alimo katika Strategos, kitabu cha Mmarekani Charles Totten cha mwaka 1880. David Wesely wa Minnesota alikisoma na kuendesha mchezo wake wa Braunstein mwaka 1969. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wake, akaja kushirikiana na Gary Gygax, na mwaka 1974 ikatoka Dungeons & Dragons. Na vipande je? Vilirudi kwa mlango wa nyuma: mwaka 1970 mchezo wa PanzerBlitz ulitoka na mbao tatu za ramani ambazo barabara zake hutokea sehemu zilezile pembeni, kwa hiyo unaziunganisha utakavyo. Baba alipata haki yake, tena kwa karatasi ya mwana.

Kilichobadilika kwako wewe unayetaka kujenga nyumbani ni malighafi. Polistirini ngumu, ile yenye chembe zilizobana, si ile nyeupe inayopukutika kwenye boksi la televisheni, ina uzito wa kama kilo 30 kwa mita ya ujazo. Kata vipande tisa vya sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 5. Vikikaa pamoja unapata karibu futi sita kwa sita, meza ya Reisswitz hasa. Uzito wake wote? Kama kilo 5, dhidi ya zile 300 za mchanga.

Kemia ina mitego yake. Asetoni huyeyusha polistirini, na rangi nyingi za kupuliza zina viyeyushi vya aina hiyo. Ukipuliza moja kwa moja kilima kinalika mbele ya macho yako. Tumia gundi nyeupe ya maseremala na rangi ya maji. Gundi hiyo ikikauka husinyaa na kuvuta, kwa hiyo kipande kilichopakwa upande wa juu tu hujikunja kama jani. Paka na chini pia.

Halafu kingo. Amua urefu mmoja wa ukingo na usiuguse. Vilima viishi katikati. Mto upite katikati kabisa ya ukingo, kwa upana na kina kilekile. Ukiwa na aina mbili tu za ukingo, nchi kavu na mto, maumbo ya vipande ni sita tu, ukihesabu kinachogeuzwa kuwa kilekile: kisicho na mto, chemchemi, mto ulionyooka, kona, makutano ya matatu na ya manne. Usianze na makutano ya manne, yanatumika mara chache kuliko unavyodhani. Kona ndizo utakazozikosa kila mara.

Na kabla ya kukata foamu, kata kipande cha hadibodi chenye umbo kamili la ukingo wenye mto. Kila kipande unachomaliza kuchonga, kipime hapo kabla ya rangi, pande zote nne, hata zile unazoziona ziko sawa. Kisha kiandike jina na kukitunza ndani ya boksi, pamoja na vipande, ili kipande utakachochonga mwaka kesho kikutane na hivi vya leo.